Kidole cha Koko

Mimi ni mtu wa kukagua mara tatu. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikiandika barua naisoma kuanzia mwisho hadi mwanzo ili herufi isinipite, na nikikuta kosa moja naupiga upya ukurasa mzima, hata kama mteja amesimama mbele yangu akigonga meza kwa funguo. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia halikutokana na uzembe. Lingetokana na uzembe, nadhani ningekwisha kujisamehe.

Nafanya kazi katika kibanda cha kuchapa na kunakili karatasi, komini ya Mikelenge, mjini Kindu. Hakuna aliyenifundisha kompyuta. Nilijichorea vibonye vyake kwenye kipande cha katoni ya sabuni, kila herufi mahali pake, nikawa natia vidole juu ya katoni kila siku baada ya shamba. Siku nilipogusa kompyuta ya kweli vidole vilikuwa vinajua njia, na mwenye kibanda akaniuliza nimesomea wapi. Nilimdanganya. Nilitaja shule.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama. Kwetu tunamwita koko. Na kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa koko kwa utani, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo ameniita bwana yangu, na mambo yote ambayo mke anaweza kumlalamikia mume amenilalamikia mimi: chumvi imekwisha, paa linavuja, unarudi umechelewa unatoka kwa nani. Mama yangu alikufa kwa homa wakati wa vita, dawa zilipokuwa haziingii mjini. Koko amebaki na mtoto mmoja tu, mdogo wake mama yangu, ambaye kwangu ni mama mdogo. Yuko Kanada. Wakati haya yanaanza, Koko alikuwa hajamtia machoni kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mama mdogo alipiga simu siku moja tukiwa tunachambua mchele. Umri wake ulikuwa umepita arobaini na alikuwa amekata tamaa ya kuzaa. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Mama," alimwambia Koko, "nataka wewe njo unikande." Yeye ndiye, si mwingine.

Koko alinipa simu, akaenda nyuma ya nyumba, na nilipomfuata nilimkuta ameshika ukuta.

Asiyejua kwetu aelewe uzito wa neno hilo. Mwanamke akizaa, mama yake huja kukaa naye siku arobaini. Humkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, humfunga tumbo kwa kitenge, humlisha uji, na humkataza kushika hata kijiko. Mwenye kuzaa ambaye mama yake yupo hai na hakuja, watu humwonea huruma kama yatima. Koko alikuwa amewakanda wanawake wengi wa mtaa wetu, na mama yangu pia nilipozaliwa mimi. Mama mdogo tu ndiye alikuwa bado hajamkanda.

Huko Kanada kuna viza ya wazazi na mababu ambao watoto wao wana makaratasi ya kukaa. Si ya wiki chache. Mzee anaweza kukaa hata miaka. Mama mdogo aliandika barua ya kualika, akatafuta bima ya matibabu, akaonyesha anavyoishi. Upande wetu tulitakiwa kuonyesha jambo moja kubwa: kwamba huyu mzee wa Kindu ndiye aliyemzaa yule mwanamke wa Kanada. Kwa hilo kulikuwa na karatasi moja duniani, na Koko alikuwa nayo.

Karatasi hiyo ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mama mdogo, kilichopigwa kwa taipureta zamani, kabla ya vita. Koko hajui kuandika, kwa hiyo chini kabisa, mahali pa mzazi, kulikuwa na alama ya kidole gumba chake. Vita vilipokaribia mara ya kwanza aliikunja mara nne, akaitia katika kopo la maziwa ya unga, akalifunga kopo kwa ukanda wa mpira wa baisikeli, akalifukia chini ya mafiga. Wanajeshi walipita wa kila upande, wakachukua sufuria, wakachukua milango. Hakuna aliyechimba majivu.

Mimi vita nilivikuta mwishoni mwake. Ninachokumbuka ni kidogo na sina hakika nacho chote. Mji ulikuwa umezingirwa. Aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi, na aliyebaki hakuwa na cha kula. Nakumbuka majani ya mihogo yaliyochemshwa bila chumvi. Nakumbuka pia kwamba kila tulipotoroka kwenda porini na kurudi, kabla ya kuangalia kama nyumba ina paa, Koko alipiga magoti jikoni na kuchimba majivu kwa mikono miwili. Akilishika kopo alilitikisa. Likitoa sauti, alilifukia tena, kisha ndipo alipotupikia.

Mama mdogo alikuwa ameondoka kabla sijapata akili. Alifuatana na wachuuzi wa baisikeli kupitia msituni hadi Obokote, akapumzika huko kwa watu wasiomjua, akaendelea Kisangani, na kutoka huko akaingia katika nchi za wakimbizi. Siku ya kuondoka aliomba apewe cheti chake. Koko alikataa. Alimwambia kwenye vizuizi karatasi inaweza kumletea mtu matatizo. Baadaye aliniambia mimi sababu nyingine: "Karatasi yake ikibaki kwangu, na yeye atatafuta njia ya kurudi."

Hiyo ndiyo karatasi aliyonipa. Alilifungua kopo mbele yangu, akaitoa kwa vidole viwili. "Bwana yangu, hii hapa njo mutoto wangu. Umuchunge."

Niliitazama. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo kiasi kwamba mwanga ulipenya. Kona moja ilikuwa na doa la mawese. Niliwaza kuhusu mvua, mchwa, jasho la mikono ya makarani. Niliwaza jinsi itakavyoonekana huko Kanada mezani kwa mtu msafi. Na kibandani kwetu kuna mashine ya kuvalisha karatasi plastiki.

Hapa Kindu kila mtu huvalisha karatasi zake plastiki. Diploma, cheti cha ubatizo, kadi ya mpiga kura, hata barua ya posa nimeshaivalisha. Watu waliopoteza kila kitu mara mbili hawaamini karatasi iliyo uchi. Mimi mwenyewe ndiye bingwa wa kazi hiyo mtaani. Sijawahi kuacha povu hata moja la hewa. Niliiweka karatasi ya Koko sawasawa, nikapima pembe kwa rula, nikaipitisha. Ilitoka inang'aa, moto, imenyooka kama imezaliwa jana. Niliona fahari. Wala sikuwa nimeipiga picha kwanza, kwa sababu nilitaka picha yake iwe ya karatasi safi.

Siku iliyofuata niliipeleka ofisi inayoshughulikia vizazi, kwa sababu wenye viza walitaka cheti kithibitishwe kwa muhuri mpya nyuma yake. Karani aliigeuza, akaigeuza tena.

"Sasa ndugu, kashe nitaipiga wapi?"

"Nyuma, Baba."

"Nyuma plastiki. Mbele plastiki. Umeifunga kama samaki wa barafu." Akachukua muhuri, akagonga kwenye kona, akapitisha kidole. Wino wote ukaondoka na kidole. "Unaona? Wino haina pa kukaa. Na mimi siwezi kusema hii ni orijinali kama siwezi kuigusa. Leta ingine."

"Ingine haiko."

"Basi tutafute ku kitabu."

Nilimtajia mwaka, akaenda kwenye kabati, akarudi mikono mitupu. Vitabu vya vizazi vya miaka ile, alisema, havikupona vita. Alinihurumia kweli, alinipa hata kiti. "Njo vile munatufanyia," alisema. "Karatasi munazipenda mpaka munazizika."

Ningerudi nyumbani na kumwambia Koko siku ileile, mambo yangekuwa mengine. Badala yake nilikwenda kibandani, nikafunga mlango, nikapasha pasi moto, nikachukua wembe. Nilijiambia mtu mwenye subira anaweza kuibandua plastiki bila kuigusa karatasi. Nilikuwa na subira. Nilifanya kazi hiyo kuanzia saa nne hadi adhuhuri, na plastiki ikabanduka kweli, lakini wino ukaifuata. Sahihi ya karani wa zamani ilibaki upande wa plastiki. Alama ya kidole cha Koko ilibaki upande wa plastiki. Karatasi yenyewe ilichanika vipande viwili kwenye mkunjo, na mkononi mwangu ikawa laini kama pamba.

Sasa naingia katika sehemu ninayoionea aibu zaidi. Kwa wiki saba nilimdanganya.

"Bwana yangu, dosye yetu iko wapi?"

"Iko ku biro, Koko."

"Ku biro wanaisoma ao wanaila?"

"Wanasema turudi wiki ijayo."

"Tumbo ya mutoto wangu haina wiki ijayo."

Alikuwa ameanza kufunga mizigo. Kitenge kimoja kizito cha kufungia tumbo, alichokifua na kukianika mara mbili. Unga wa uji alioutwanga mwenyewe. Mama mdogo alipiga simu kila Jumapili na kusema mtoto amegeuka, mtoto anapiga teke. Sikulala vizuri. Chakula kilikosa ladha. Kibandani nilianza kuacha makosa katika barua za watu, mimi.

Katika wiki ya saba nilipata wazo ambalo wakati ule lilionekana kama wokovu. Kibandani kulikuwa na taipureta ya zamani iliyotumika kuzuia mlango. Niliisafisha. Nilipata karatasi ya manjano nyuma ya daftari la kale, nikaichovya chai, nikaikausha. Maneno ya cheti niliyajua kwa kichwa, hata mahali ambapo herufi moja ilikuwa imeruka juu ya mstari, na nikairusha vilevile. Nilipofika chini, mahali pa kidole, sikuwa na la kufanya. Nilipaka wino kwenye gumba langu mwenyewe, nikabonyeza.

Niliikunja mara nne. Ilikuwa nzuri mno. Nilitaka kujua kama inaweza kupita, na sikuthubutu kuijaribu kwa karani, kwa hiyo nilimpelekea mtu asiyejua kusoma. Naandika sentensi hii polepole kwa sababu ni kweli.

Koko alikuwa amekaa mkekani mchana ule, ungo mapajani. Nilimwambia, "Koko, biro wameirudisha. Bado kashe tu." Alipangusa mikono, akaifungua. Hakuangalia maneno, alikwenda moja kwa moja chini. Akaisogeza karibu na macho, kisha mbali. Akanyoosha gumba lake la kulia na kuliweka kando ya ile alama.

Gumba la Koko lina kovu linalopita katikati, la kisu cha mihogo, tangu akiwa msichana. Nimelijua maisha yangu yote. Katika karatasi ya kweli alama ile ilikuwa na mstari mweupe unaoikata vipande viwili. Nilikuwa nimerudisha hata herufi iliyoruka, na mstari ule sikuukumbuka.

"Hiki kidole ni cha nani?" aliuliza.

Nilikunja ngumi, gumba likiwa ndani.

"Leta mukono."

Nilimpa. Aliukuta wino bado uko chini ya ukucha. Alilitazama gumba langu kwa muda mrefu, akalirudisha mapajani mwangu kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Kumbe wewe njo ulimuzaa," alisema. "Basi uende wewe Kanada. Ukamukande."

Hapo nikamwambia yote, tangu mashine. Nilimletea vipande viwili na ile plastiki. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliinua plastiki kwenye mwanga, akakiona kidole chake kimening'inia humo, na mstari wake. "Jeshi yote ilipita juu ya hii karatasi," alisema. "Yote. Halafu mutu akanisaidia." Akaurudia ungo wake. Ile niliyoichapa aliitia motoni jioni hiyo alipokuwa akipika, bila kunitazama, na siku tatu hakuniita bwana.

Karani yuleyule ndiye aliyetuonyesha njia, nilipomrudia na kumwambia ukweli. Kama cheti hakipo na kitabu hakipo, mahakama inaweza kutoa hukumu ya kushika nafasi ya cheti, ila iwe na mashahidi walioshuhudia uzazi. Koko alimtaja mmoja bila kufikiri: mwanamke aliyemshika mgongo siku ya kumzaa mama mdogo. Alikuwa amehamia Lokandu. Nikapanda mtumbwi wa injini kumfuata.

Nilimkuta akianika samaki. Nilimweleza, na yeye akaendelea kupanga samaki.

"Koko yako iko muzima?"

"Iko, Koko," nilimjibu, maana kwetu kila bibi ni koko.

"Na ule mutoto mwenye kichwa kikubwa, njo sasa anazaa?"

"Ndiyo."

"Mie nilimuambia. Kichwa ile ilitaka kumuua." Akacheka peke yake. Kisha: "Na karatasi ilienda wapi? Alikuwa anaichunga kushinda meno yake."

Ningeweza kusema vita. Nilikuwa nimechoka na kusema uongo. "Mimi njo niliiharibu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Basi utabeba kikapu yangu mpaka Kindu," alisema. "Na iko nzito."

Ilikuwa nzito kweli.

Mahakamani hakimu alimuuliza alijuaje kwamba mtoto yule ni wa Koko. Alisema, "Mheshimiwa, mie nilikuwa nyuma, nimemushika hapa. Mutoto akatokea mbele. Kati yetu hapakuwa mutu mwingine." Watu walicheka, hakimu akainamisha uso kwenye karatasi zake. Shahidi wa pili alikuwa mzee wa msikiti aliyesoma dua siku mtoto alipopewa jina. Mwishoni Koko aliulizwa kama anaweza kutia sahihi. Alinyoosha gumba. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na nilikitazama kile kidole kikishuka kwenye karatasi mpya, nikauona mstari.

Lakini mama mdogo alikuwa amekwisha kuzaa. Alizaa msichana, siku kumi na moja kabla ya kikao hicho. Nimezihesabu siku mara nyingi, kwenda mbele na kurudi nyuma. Nikizitoa zile wiki saba, hukumu ingepatikana mapema, safari ya Kinshasa ya vipimo na alama za vidole wanazotaka wenye viza ingefuata, na Koko angefika mimba ikiwa bado tumboni. Labda. Kila nikihesabu huishia kwenye neno hilo, lakini huwa kwanza napita kwenye zile wiki saba.

Koko alijaribu kumkanda kwa simu. Aliweka simu sikioni kwa mikono miwili na kuelekeza.

"Maji iko moto namna gani?"

"Mama, iko moto tu."

"Umeweka mukono?"

"Nimeweka. Mama, nitajikanda mugongo mwenyewe ginsi gani?"

"Hakuna jirani?"

"Majirani wako kazini."

Siku ya tatu mama mdogo alikuwa amekwenda dukani kwa miguu yake. Koko aliposikia alisema simu inamchoma sikio, akanipa mimi.

Nilisubiri Koko amwambie nililolifanya. Kila Jumapili nilisubiri. Mama mdogo aliuliza, mara mbili nikiwepo, kwa nini ilichelewa vile, wakati wenzake huko waliwaleta wazazi wao ndani ya miezi michache. Na mara zote mbili Koko alijibu, "Biro za huku. Unazijua." Alitumia uongo wangu uleule, maneno yaleyale. Sikumwomba afanye hivyo na hakunitazama alipokuwa akifanya. Kwa hiyo mama mdogo hadi leo anawalaumu makarani wa Kindu, na mmoja wao alinipa kiti. Nikimaliza kuandika haya nitamtumia mama mdogo kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Baada ya uzazi safari ya Kinshasa haikukimbizwa tena, na viza ilitoka mtoto alipokuwa ameanza kukaa mwenyewe. Nilipomsomea Koko ujumbe huo alikuwa anamenya mihogo. Aliuliza imeandikwa miezi mingapi. Nikamwambia ni zaidi ya miezi, anaweza kukaa miaka. Akamenya mhogo mwingine.

"Na wewe nani atakupikia?"

"Nitapika."

"Utaunguza." Kisha: "Arobaini yake ilikwisha lini?"

"Zamani, Koko."

"Bila mimi haikuanza," alisema.

Nilidhani ni maneno tu. Siku ya safari alivaa kitenge kile kizito chini ya gauni ili kisipotee kwenye mizigo. Hukumu ya mahakama ilikuwa kwenye bahasha, bila plastiki, na nilijizuia kuikagua mara ya nne. Ile plastiki yenye kidole chake aliniachia. Iko katika kopo la maziwa, juu ya kabati, na mara mojamoja nalitikisa.

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia, anacheka kwa sauti ya chini kama mtu anayejificha.

"Koko yako amenifungia ku chumba," alisema. "Mutoto iko na meno mbili na mie ananifunga tumbo kama nimezaa jana. Anabeba maji ya moto toka jikoni na sufuria. Ku kazi nimesema ni mugonjwa. Hata kijiko hanipatie."

"Anasema nini?"

"Anasema anahesabu."

Nilimuuliza wamefika siku ya ngapi. Nyuma yake nikasikia mlango, na sauti ya Koko ikiuliza nani yuko kwenye simu, na mama mdogo akanijibu haraka kabla simu haijachukuliwa: ya sita.